Unalipa Saa au Unalipa Kazi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mwema kwa watu wa nyumbani mwake na kwa wale waliomtumikia.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kulisikia kwenye mimbari. Tunaonywa sana juu ya riba, uzinifu na ulevi, na ni haki tuonywe. Lakini ipo dhulma nyingine inayotendeka ndani ya nyumba zetu, baina ya jiko la mkaa na beseni la nguo, na wanaoitenda ni watu wanaoswali swala tano. Nayo ni dhulma ya muda wa mtu tuliyemwajiri atusaidie kazi za nyumbani.

Sisemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Nasema kwa sababu niliitenda mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu hapa Ujiji, na ninaishi Kasingirima. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa nne, tuliona tupate mtu wa kumsaidia. Tukapatana na mama mmoja, mtu mzima wa heshima zake, awe anakuja siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Kazi tuliyomtajia ilikuwa neno moja tu: usafi.

Neno hilo moja likaanza kuzaa. Wiki ya kwanza lilikuwa kufagia, kupiga deki na kuosha vyombo. Wiki ya pili zikaongezeka nguo za mtoto. Ya tatu zikaja nguo za wote sita pamoja na mashuka. Maji yakikatika, akachote kwa jirani. Migebuka ikiletwa kutoka mwaloni, aiparue. Malipo hayakuongezeka na saa hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni manung'uniko yangu. Kila nikirudi na kukuta nguo bado zimelowekwa kwenye beseni, nilikuwa nasema, "Huyu mama mzito. Anajivuta."

Mwisho wa mwezi nikamkata shilingi 5,000. Nikamwambia kuwa kazi ilikuwa haimaliziki. Hakupandisha sauti. Alinitazama akasema, "Mwalimu, hivi wewe unanilipa saa au unanilipa kazi? Kama ni saa, saa zako nne nimekupa. Kama ni kazi, niache nikae hata mpaka Alasiri niimalize, unilipe kazi. Vyote viwili kwa hela ile ile mimi siviwezi."

Akachukua kanga yake akaondoka.

Swali la Imamu Nawawi

Mama yule kwa maelezo yake hakuvuka darasa la saba. Mimi nina shahada ya chuo kikuu. Lakini swali aliloniuliza ni lile lile lililoshughulikiwa na Imamu Nawawi katika Minhaj at-Talibin, kitabu wanachokijua vizuri masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi. Katika mlango wa ijara anaeleza kuwa manufaa yanayokodiwa hupimwa kwa moja ya njia mbili. Ama kwa muda, kama kukodi nyumba mwaka mmoja. Au kwa kazi, kama kumpa fundi nguo hii aishone. Kisha anasema kuwa mtu akichanganya vyote viwili, akamwajiri fundi ashone nguo ile ndani ya mchana mmoja, basi mkataba huo hausihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu.

Kwa nini hausihi? Kwa sababu hakuna ajuaye kama kazi na muda vitamalizika pamoja. Huenda kazi ikaisha muda ukiwa bado. Huenda muda ukaisha na kazi ikabaki. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na sheria ya Kiislamu inapenda kuuziba mlango wa ugomvi kabla haujafunguliwa.

Ni kweli maulamaa wamekhitalifiana hapa. Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani, wanafunzi wakubwa wa Imamu Abu Hanifa, walijuzisha mkataba wa namna hiyo. Lakini hata wao hawakumpa mwajiri ruhusa ya kuongeza kazi kila siku katika mkataba usiobadilika. Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lile la kumwajiri fundi kwa nguo moja na siku moja. Mimi nilifunga muda kwa ufunguo, nikaiacha kazi wazi bila mlango.

Jumamosi yangu na saa ya mkononi

Jumamosi iliyofuata mama hakuja. Nikamwambia mke wangu apumzike, kazi zile nitazifanya mimi, tena kwa muda ule ule. Kusema kweli nilitaka kuthibitisha kuwa mimi ndiye mkweli. Nikaanza saa 2 kamili. Maji yalikuwa yamekatika. Nikaenda kwa jirani, nikapanga foleni, nikabeba ndoo sita kwa safari tatu. Niliporudi mara ya mwisho ilikuwa inakaribia saa 3. Vyombo vya usiku, na masufuria yenye masizi, vikanichukua zaidi ya nusu saa. Kufagia na kupiga deki vyumba vitatu na ukumbi, huku watoto wakipita juu ya sakafu mbichi, kukanifikisha saa 4 na nusu. Ndipo nikazikabili nguo.

Saa 6 ilinikuta nasugua mashuka. Adhana ya Adhuhuri, ambayo huku kwetu magharibi ya nchi huadhiniwa kwenye saa 7, ilinikuta bado kwenye beseni, mgongo umekakamaa na vidole vimejikunja. Samaki sijamgusa.

Nikakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari, alikuwa akiwa nyumbani hushughulika na kazi za watu wake mpaka wakati wa swala ukifika. Hadithi hii nimeifundisha mara nyingi. Siku zote nilikuwa naiona kuwa ni somo la unyenyekevu. Siku ile niliona kuwa ina somo jingine ndani yake: mtu anayezifanya kazi za nyumba kwa mkono wake anajua zinakula muda gani. Asiyezifanya hukadiria kwa macho, na macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti huona kila kazi ni ya dakika tano.

Kipimo cha kupunja

Katika Suratul Mutaffifin, Allah (s.w.) anawaahidi adhabu kali wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Sisi tukiisoma tunamfikiria muuza dagaa sokoni Mwanga mwenye kopo lililobonyezwa chini. Lakini je, muda si kipimo? Mwajiri anayelipa saa nne na kudai kazi ya saa saba, ana tofauti gani na yule mwenye kopo?

Naye mfanyakazi hakuachwa nje ya aya hiyo. Aliyekodiwa kwa muda, kisha muda akaumalizia kwenye simu au kwa kupiga soga uani, naye anapunja. Nalisema hili kwa sababu najua wapo watakaosema, "Mwalimu huwajui hawa, wavivu wapo." Wapo, sikatai. Lakini uvivu hauwezi kuhukumiwa kabla ya kuwepo kipimo cha haki. Kama hukusema kazi ni ipi, na hujui inachukua muda gani, umejuaje kuwa mtu ni mvivu? Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, na anasimulia kuwa hakuwahi kuguniwa wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Sisi mwezi mmoja hauishi hatujamwita mtu mzito.

Mpaka baina ya ajiri na mtumwa

Hadi hapa nimezungumzia yule anayekuja na kurudi kwake. Lakini iko hali nzito zaidi, nayo ni ya mabinti wanaolala majumbani kwetu. Wanatoka Kasulu, Kibondo, Buhigwe na vijiji vya ziwani. Wengine husafirishwa mpaka Dar es Salaam. Hawa hawakuajiriwa kwa saa wala kwa kazi. Anaamka kabla ya adhana ya Alfajiri kuwasha jiko, na anakuwa wa mwisho kuzima taa. Ukimwuliza mwenye nyumba kazi yake inaanza lini na kuisha lini, hana jibu. Atasema, "Huyu tunaishi naye kama mtoto wetu." Je, mtoto wako wa kumzaa analala saa 5 usiku baada ya kuosha masufuria, akaamshwa saa 10 alfajiri?

Tutafakari kisa cha Nabii Musa (a.s.) na yule mzee wa Madyan, katika Suratul Qasas (28:26-28). Musa alikuwa mkimbizi, hana nyumba wala jamaa katika mji ule. Angeweza kupewa masharti yoyote. Lakini mzee alimtajia muda: miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Kisha akamhakikishia kuwa hakusudii kumtia katika mashaka. Naye Musa akajibu kuwa muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili, asifanyiwe uadui. Na Allah akawa shahidi wa maneno yao.

Hapo ndipo ulipo mpaka baina ya ajiri na mtumwa. Mtumwa anaweza kulishwa vizuri, kuvishwa vizuri, hata kupendwa. Lakini muda wake hauna mwisho kwa sababu si wake. Ajiri ameuza sehemu ya muda wake, na sehemu iliyobaki ni mali yake. Ukiuondoa mpaka huo, unabaki na kitu ambacho jina lake tunalijua vizuri sana hapa Ujiji. Wazee wetu wanatuonyesha miembe mikongwe na kutusimulia kuwa inafuata njia ya misafara iliyokwenda Bagamoyo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Haitupendezi sisi wajukuu wa mji huu kuurudisha kwa mlango wa jikoni.

Hata sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Mapumziko ya kila siku ni saa 12 mfululizo, na kwa anayeishi mahali pa kazi yanaweza kupunguzwa, lakini si chini ya saa 8.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kumwajiri mtu, kazi hiyo ifanye wewe mwenyewe siku moja, saa ikiwa mkononi. Kisha ukumbuke kuwa siku moja ya nguvu mpya si sawa na kila siku.

Pili, chagua. Ama unalipa saa au unalipa kazi. Ukilipa saa, taja ipi itangulie na ipi isubiri muda ukiisha, na kilichobaki usimdai. Ukilipa kazi, itaje yote, na umwachie muda wake.

Tatu, wakati wa swala na wa kula usiuhesabu kuwa umekuibia. Mafakihi wameutoa nje ya muda wa ajiri bila kumpunguzia ujira.

Nne, kazi ikiongezeka, ujira uongezeke, au ushike ufagio umsaidie. Abu Dharr (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwabebeshe yanayowashinda, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tano, usikate ujira wa mtu kwa kazi ambayo hukupatana naye. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), Allah (s.w.) amemtaja mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake, kuwa ni mmoja wa watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Nani anaweza kusimama katika kesi hiyo?

Nami jioni ya Jumamosi ile nilimfuata mama yule kwake na zile 5,000 zake, nikaongeza malipo ya saa ambazo alikuwa akizidisha bila mimi kuzihesabu. Nilimwomba radhi mbele ya wanawe. Alizipokea, akazihesabu, akasema, "Ahsante, Mwalimu. Yameisha." Lakini hakurudi tena kwetu. Alikuwa ameshapata nyumba nyingine, na sina haki ya kumlaumu.

Fedha niliweza kuzirudisha. Zile asubuhi zake za mwezi mzima, ambazo nilimwita mzito huku akinibebea mzigo wa saa saba katika saa nne, sijui nitazirudisha kwa nini. Namwomba Allah (s.w.) anisamehe mimi na yeyote aliyefanya kama mimi, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza vipimo.

Wabillahi tawfiq.