Maji ya Siku ya Kwanza

Dada yangu alijifungua saa nane usiku, mwezi wa Julai, katika kituo kimoja cha afya hapa Tabora. Vitanda vilikuwa vichache, mama na mtoto walikuwa wazima, kwa hiyo saa kumi alasiri tulikuwa tumeshafika nyumbani. Bibi alikuwa amejiandaa tangu mchana. Sufuria ya majani ya dawa ilikuwa inachemka uani, na pembeni yake kulikuwa na beseni jipya, kipande cha sabuni na khanga mbili zilizofuliwa. Alinipokea mtoto, akacheka, akasema, "Mke mwenzangu, lete maji ya baridi tuchanganye. Mgeni hajaoga."

Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Mimi nilikuwa likizoni kutoka Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya uzamili ya falsafa. Asubuhi ile muuguzi alikuwa ametuambia tusimwogeshe mtoto mpaka atimize saa 24. Sasa alikuwa na saa 14, na upepo wa kipupwe ulikuwa unapita uani. Nilipaswa kusema hivyo tu. Badala yake nilisema, mbele ya majirani watatu, "Bibi, unataka kumuua mtoto?"

Bibi alimrudisha mtoto mikononi mwangu taratibu. "Mikono hii imeogesha watoto kumi na mmoja wa nyumba hii, na wewe ni mmoja wao," alisema. Akaingia ndani. Maji yakaendelea kuchemka bila mtu.

Nilikuwa sahihi, na nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile usahihi wangu ulikuwa na thamani gani.

Hoja ya muuguzi haina utata. Mtoto mchanga ametoka mahali penye joto la mwili wa mama. Mwili wake ni mdogo, mafuta chini ya ngozi ni machache, na akilowa hupoteza joto upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Akipoa, hunyonya kwa shida, na sukari ya mwilini hushuka. Ule utando mweupe anaozaliwa nao huilinda ngozi yake isikauke. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema mtoto aogeshwe baada ya saa 24. Kabla ya hapo hukaushwa vizuri, huvalishwa kofia na kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Haya yote niliyajua. Sikujua Bibi alikuwa analinda nini.

Dada yangu ndiye aliyenieleza usiku ule. Sehemu nyingi za nchi yetu watu wameamini kwamba utando ule ni uchafu, tena uchafu unaomsema mama: kwamba hakujizuia na mumewe mimba ilipokuwa kubwa. Majirani watatu walikuwa wamekuja kumwona mtoto. Bibi hakutaka wamkute na utando ule shingoni, wakaondoka na maneno. Kwake beseni lile lilikuwa la kulinda jina la mjukuu wake. Mimi nikamjibu kana kwamba tulikuwa tunabishana kuhusu nyuzi joto.

Wapo watakaosema jambo hili ni jepesi: mila upande huu, sayansi upande ule, chagua. Nimekulia Tabora, na mji huu haunipi ruhusa ya kuamini hivyo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Kule Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, bado lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Khanga alizofua Bibi ni vazi la pwani. Miembe inayotupa kivuli haikuota yenyewe katika pori la miombo. Wanawake wa Kinyamwezi walisafiri na waume zao katika misafara ile, na wengine walijifungua njiani. Sidhani kama kila mmoja wao alipata maji ya kuogesha jioni ileile. Mambo mengi tunayoyaita asili yetu yaliletwa na mtu, akayapokea mtu mwingine kwa sababu alimwamini aliyeyaleta. Bibi angeweza kupokea jambo jipya. Ila mimi nililileta kama tusi.

Wala si bibi zetu peke yao wanaoumia hivyo. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba wazazi wanaohudumiwa na madaktari walikufa kwa homa kuliko waliohudumiwa na wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwaagiza wanawe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vikapungua sana. Hata hivyo wenzake wengi walikataa. Kukubali kungekuwa kukiri kwamba mikono yao wenyewe iliua. Miaka ya baadaye aliwaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji, na hilo halikuwabadilisha. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, bado hajasikilizwa.

Nilikuwa namfikiria Semmelweis Bibi alipogonga mlango wangu, karibu saa sita usiku. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kunyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Wale wawili niliowazika. Ilikuwa maji?"

Sikuwa nimewahi kusikia habari zao. Mmoja aliishi siku tatu, mwingine wiki moja. Wote walizaliwa wakati wa baridi, na wote aliwaogesha siku ileile kama alivyofundishwa na mama yake.

Ningeweza kusema hapana, naye angelala. Lakini asubuhi angeuliza: kama si maji, kwa nini huyu asubiri? Uongo wa kumfariji yeye ungelipwa na mtoto aliyelala chumba cha pili, ambaye hakuwa na mdomo wa kujitetea. Na kusema ndiyo kungekuwa uongo pia. Watoto wachanga huondolewa na mengi: maambukizi, kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa. Hakuna anayeweza leo kufungua makaburi yale na kusoma sababu.

Nikamwambia, "Sijui, Bibi. Hakuna anayeweza kujua sasa. Ila wakati ule hata hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zinaogesha watoto mapema. Hukuacha kufanya ulichokijua."

Darasani tunajadili kama mtu ana hatia kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Mimi nasema hana. Usiku ule niliona kwamba jibu hilo, hata likiwa la kweli, halimwondolei mama uzito. Bibi hakuwa anaomba hukumu. Alikuwa anaomba mtu wa kukaa naye na swali lile, na ni mimi niliyempa swali lenyewe, uani, mbele ya watu. Heshima kwa mkubwa haipaswi kulipwa kwa uhai wa mdogo, hilo bado naliamini. Lakini aliye na ukweli ana wajibu wa kuuliza kwanza utamwangukia nani na nini.

Bibi alisimama. "Basi huyu asubiri," alisema.

Kesho yake jioni tulimwogesha ndani, madirisha yamefungwa, taulo na nguo zikiwa tayari kitandani. Nilimwomba Bibi maji yawe matupu, bila majani. Alikubali kwa sharti kwamba aogeshe yeye. Alitangulia kumimina maji ya baridi, kisha ya moto, akapima kwa kiwiko. Alimfuta kwa kitambaa laini, uso kwanza, bila kulowesha kitovu, kiganja chake kikiwa chini ya shingo muda wote. Kichwa alikiacha mwisho, akakikausha papo hapo na kukifunika kofia. Hakuna muuguzi aliyemfundisha mkono ule.

Siku hizi, jirani akijifungua, Bibi huwaambia wenzake kwamba utando ule ni mafuta ya Mungu, yaacheni yaingie. Mimi nisingeweza kusema hivyo. Wao wanamsikiliza.

Mimi ananiita msomi. Jina la mke mwenzangu bado halijarudi.