Adabu za Mwenye Kuuliza

Mwanangu, umeanza kazi juzi tu, na tayari umeokota elimu moja isiyofundishwa chuoni: kwamba anayenyamaza kikaoni huonekana ana akili. Ni kweli, huonekana hivyo, kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha wenzake hugundua kwamba hajui kwa nini kazi inafanywa vile inavyofanywa, na yeye mwenyewe anaona haya kuuliza kwa sababu muda wa kuuliza umempita. Nakuandikia kabla hujafika hapo.

Sitakuhubiria udadisi kwa maneno matupu. Nitakupa kisa cha kijana wa Kitanzania, alichokisimulia mwenyewe kwa maandishi, na nasaha zangu nitazitoa humo humo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa kuingiza maziwa yasiyochemshwa. Naye, akichelea kukosa, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakarudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Wengi tungekula aiskrimu yetu na kwenda zetu. Mpemba alishangaa, na mshangao ule ndio mtaji wote wa habari hii. Kwa hiyo kabla sijakwambia uulize, nakwambia uwepo pale ulipo. Swali zuri halitoki kichwani mwa mtu ambaye mwili wake uko kikaoni na moyo wake uko kwenye simu. Siku hizi mtu anakuamkia, anakuuliza habari za nyumbani, habari za watoto, na macho yake hayajaondoka kwenye kioo. Salamu zetu ni ndefu kwa sababu: zinampa mtu nafasi ya kumtazama mwenzake, ajue kama “nzuri” aliyoitikiwa ni nzuri kweli. Anayezipitia mbio mbio amepoteza darasa la kwanza la siku.

Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa somo la kliniki. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo kikuu cha Massachusetts mafunzo ya kuwatuliza watu wenye maumivu na msongo wa mawazo, akitumia mazoezi yaliyotokana na mapokeo ya Kibuddha: kukaa kimya, kufuata pumzi, kuurudisha moyo kila unapotoroka. Leo watu wanauziwa programu za simu za kuwafundisha waache simu. Wenye kufaidika wafaidike. Lakini mtu wa kwetu aliyelelewa kwenye sala hahitaji kwenda mbali; alishaambiwa tangu utotoni kwamba kuinama na kuinuka bila moyo kuhudhuria ni mazoezi ya viungo tu. Basi uhudhurio huo uchukue pia mezani pa kazi. Soma barua mpaka mwisho kabla ya kuijibu. Mtu akizungumza, msikilize mpaka anyamaze, usiwe unapanga la kwako huku ukitingisha kichwa.

Uone macho yaliyotulia yanavyoweza kukusanya. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani yetu mnamo 1331 alilala Mombasa usiku mmoja tu, akielekea Kilwa. Katika usiku huo mmoja aliona kwamba misikiti ni ya mbao, kwamba kila mlango una kisima kimoja au viwili, kwamba maji yanatekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba, na kwamba mlangoni kuna mkeka wa kupangusia miguu. Wapo waliozaliwa na kuzeeka pale ambao hawakuacha hata sentensi moja.

Turudi kwa Mpemba. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, naye akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Ila alipokutana Tanga mjini na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu, alimwuliza na huyo, akaambiwa kwamba wauzaji wenyewe huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Hapa pana adabu ambayo wasomi wengi hawana: kumwuliza mwenye mikono ndani ya kazi. Ukiwa hospitali, mwulize muuguzi wa zamu ya usiku. Ukiwa benki, mlinzi wa mlangoni anajua ni saa ngapi wateja hutoka wamekasirika. Na ukienda kwake, akiwa amekuzidi umri, anza na shikamoo, hata kama cheo chako kimemzidi. Usimwulize kama askari anayemhoji mtuhumiwa. Akikupa alichonacho, mtaje mbele ya wakubwa, usijifanye umekizaa wewe.

Wapo watakaokuonya kwamba kudadisi ni tabia mbaya, nao wana nusu ya hoja. Mtu anayetaka kujua mshahara wa jirani, na fulani mbona hajaolewa, na gari lile kapewa na nani, huyo ni chakubimbi hata akijiita mtafiti. Mpaka wenyewe uko wazi. Swali lako likijibiwa, je, kuna kazi itakayofanyika vizuri zaidi, au kuna mtu atakayepungukiwa heshima? Likiwa la pili, limeze.

Kisha kuna kicheko, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu kitakufika. Mpemba alifaulu, akaenda kusoma Mkwawa, Iringa. Walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu aliinua tena mkono na kuuliza lile lile. Mwalimu alikejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu siku hiyo, mwanafunzi yeyote akikosea hesabu darasani aliambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikiria kijana wa rika lako, jina lake limekuwa jina la makosa.

Alifanya nini? Hakumtukana mwalimu, wala hakugombana na darasa. Alasiri moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friza. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza na maji ya moto. Nakusihi uige mwenendo huo. Ukichekwa, usimalize nguvu zako kwenye kubishana, nenda ukajaribu. Ubishi ofisini huwa wa watu, na aliyeshindwa huweka kinyongo. Jaribio halimwaibishi mtu.

Aibu nyingine ya kuiepuka ni kulipenda jibu lako kupita kiasi. Kwamba maji ya moto huweza kuganda mapema, Aristotle alikuwa amelitaja, na Francis Bacon na Descartes baada yake. Mpemba hakuwa na habari nao. Wala jambo lenyewe halijakwisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya kwa uangalifu wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na wengine wanaendelea kulitetea. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Alichokuwa nacho kilikuwa swali la haki, na swali la haki linaweza kudumu miaka 50 bila kufungwa. Wewe ripoti yako ya juma lililopita ikikosolewa, unanuna?

Wala usiulize kwa tamaa ya cheo. Vitabu vya siku hizi vinauza udadisi kana kwamba ni ngazi ya kupandia mshahara. Mpemba hakuwa profesa wa fizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi katika fani hiyo. Faida ya kuuliza ni kwamba unaishi ukiwa macho. Mshahara ukipanda, alhamdulillahi.

Lililobaki ni kwa ajili ya siku utakapokuwa mkubwa wa wengine. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake. Wenzake waliona amewatia aibu mbele ya mgeni. Osborne alitabasamu, akamwomba alirudie swali, akakiri kwamba halijui jibu, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Na alilijaribu. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudisha habari kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa pamoja na la Osborne, na jina lile lililokuwa la kejeli sasa linatajwa duniani kote kila jambo hilo linapozungumzwa.

Ofisi zetu hazina uhaba wa akina Mpemba. Zinakosa akina Osborne, na fundi yule yumo katika kila idara. Kwa hiyo kijana atakapokujia na swali linaloonekana la kipuuzi, mwombe alirudie polepole mbele ya wote, mwambie hujui kama hujui, kisha mpange naye siku ya kulijaribu. Siku hiyo ikifika, nenda mwenyewe, usimtume mtu.