Kiti cha Pili

Kila safari ya watu wawili huzaa swali ambalo aghalabu halisemwi: kati ya hao wawili, ni nani mwenye safari? Wengi hujibu upesi kwamba mwenye safari ni yule aliyeshika usukani. Huyo ndiye anayegeuza chombo kulia na kushoto, ndiye anayeongeza mwendo na kuupunguza, na chombo kikifika salama yeye ndiye husifiwa. Aliyeketi kando yake huhesabiwa kuwa abiria tu, na kazi ya abiria, kwa fikira za wengi, ni kunyamaza na kufikishwa. Wahenga nao waonekana kuliunga mkono jibu hili waliposema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mimi naona kwamba jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyowapoteza wasafiri wengi. Nataka tulipime pamoja, msomaji. Na ili tulipime vizuri, tuchukue safari ambayo ndani yake swali hili halikuweza kufichika: safari ndefu ya mke na mume katika motokaa ya mashindano.

Mwezi wa Oktoba 1948, katika maonyesho ya magari mjini London, kampuni ya Jaguar ilitoa motokaa mpya iliyoitwa XK120. Hesabu hiyo ya 120 ilikuwa ahadi, kwamba motokaa hii itakwenda maili 120 kwa saa, yaani kilomita 193 hivi. Wengine walitia shaka. Mwaka uliofuata motokaa ya namna hiyo ikapimwa katika barabara iliyonyooka huko Jabbeke, Ubelgiji, ikapita maili 132 kwa saa. Injini yake ilikuwa na silinda 6 na nguvu za farasi 160. Lakini kwetu sisi jambo kubwa katika motokaa hii si injini yake, bali ni viti vyake, navyo vilikuwa viwili tu. Katika gari la watu wengi, sauti ya mmoja hupotea kati ya sauti za wenzake, na mgomvi hupata wa kumsuluhisha. Katika motokaa ya viti viwili, iliyo karibu na ardhi, yenye upepo usoni na ngurumo miguuni, hakuna wa tatu. Waliomo humo wasipoaminiana hawana pa kukimbilia.

Katika miaka hiyo yalikuwako mashindano yaliyoitwa Alpine Rally, yaliyopita katika milima ya Alpi kwa mwendo wa kilomita 3,000 hivi. Yalianzia Marseille, Ufaransa, yakapanda na kushuka njia za milimani katika nchi kadhaa. Ili uzijue njia hizo, fikiri habari za moja tu, ile ya Stelvio nchini Italia: yafika kimo cha meta 2,757, na upande wake mmoja una kona 48 kali, kila moja ikijikunja kama kiwiko cha mkono. Kila motokaa ilipewa saa yake ya kufika katika kila kituo, na aliyechelewa alikatwa alama. Aliyemaliza safari nzima pasipo kukatwa hata alama moja alipewa kombe. Aliyefanya hivyo miaka 3 mfululizo alistahili Kombe la Dhahabu.

Mtu wa kwanza kulipata Kombe la Dhahabu alikuwa Mwingereza, Ian Appleyard, aliyepita pasipo kukatwa alama mwaka 1950, mwaka 1951 na mwaka 1952. Motokaa yake ilikuwa XK120 nyeupe, namba NUB 120. Na katika kiti cha pili aliketi mkewe, Pat, binti wa William Lyons aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Jaguar. Sitasema habari za nyumba yao, maana hizo si zetu. Nitasema habari za viti vyao viwili tu.

Waandishi wengi wa mashindano hayo huanza na mume, nao hawakosei, maana kuiendesha motokaa yenye nguvu kama ile juu ya changarawe, kando ya magenge, mchana na usiku, si kazi ya kila mtu. Lakini jiulize: je, yule aliyeshika usukani aliiona ramani? Hakuiona, kwa kuwa macho yake yalikuwa barabarani. Je, aliweza kutazama saa na kupiga hesabu ya dakika zilizobaki kabla ya kituo kinachofuata? Angalifanya hivyo, kona iliyo mbele ingalimkuta akihesabu. Habari za njia na habari za wakati zilikaa kwa mkewe. Mume alikuwa na nguvu za kwenda, na mke alikuwa na maarifa ya kwendako. Nguvu pasipo maarifa zingaliipeleka motokaa upesi mahali pasipotakiwa, na maarifa pasipo nguvu yangalibaki Marseille pamoja na ramani yake.

Jambo hili si geni kwetu. Neno lenyewe usukani tumelitoa baharini, na mabaharia wa pwani yetu walikuwa na jibu lao tangu zamani. Nahodha ndiye mkubwa wa chombo. Lakini chombo kikifika penye miamba na mafungu, nahodha humsikiliza rubani, yaani mtu anayezijua njia za maji ya mahali pale. Rubani hamnyang'anyi nahodha ukubwa wake, wala nahodha haoni aibu kuambiwa geuza. Ile methali ya nahodha wengi haikukataza sauti ya pili katika chombo. Ilikataza mikono miwili kushindania usukani mmoja. Mkono mmoja na ushike, na kinywa kingine kiseme: hapo chombo hakiendi mrama.

Huenda ukasema kwamba mke na mume walikwisha zoeana, na kwa hiyo kuaminiana kwao kulikuwa kwepesi. Basi tazama mfano wa watu wawili wasiokuwa na ndoa. Mwaka 1955, katika mashindano ya Mille Miglia, yaliyotoka Brescia hadi Roma na kurudi Brescia, Stirling Moss aliendesha motokaa ya Mercedes-Benz, na kando yake aliketi mwandishi wa habari, Denis Jenkinson. Kabla ya siku ya mashindano walikuwa wameipita njia ile mara kadhaa, na Jenkinson akaandika kila kona na kila kilima katika karatasi moja ndefu, kama meta 5 na nusu, iliyokunjwa katika kisanduku. Kwa kuwa ngurumo haikuwaruhusu kusemezana, walipatana ishara za mkono. Walikwenda karibu kilomita 1,600 kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Zilikuwako nundu za barabara ambazo ng'ambo yake Moss hakuweza kuiona. Alizivuka kwa kasi kwa sababu mkono wa mwenzake ulimwambia kwamba ng'ambo njia imenyooka.

Je, hiyo ilikuwa imani kipofu? Hapana. Imani kipofu humwamini mtu kwa kuwa uso wake wapendeza au kwa kuwa ni mtu wetu. Imani ya Moss ilikuwa imekwisha kupimwa: aliyajua maneno ya karatasi ile kuwa ni kweli, kwa sababu alikuwapo yalipoandikwa na kusahihishwa. Ndivyo ilivyo imani yote iliyo njema, ya ndoa au ya kazi. Hujengwa kwa mambo madogo kabla ya siku ya jambo kubwa. Aliyekudanganya mara kwa mara katika kona ndogo usimtazamie akuambie kweli penye genge.

Sasa natufike katika haki na wajibu, kwa maana hapo ndipo penye uzito wa swali letu. Mimi nasema kwamba katika motokaa ile mna amana mbili. Uhai wa aliyeketi kando ni amana mikononi mwa dereva. Kila anapokanyaga mafuta hutumia mali isiyokuwa yake peke yake. Na ukweli wa njia ni amana kinywani mwa aliyeketi kando. Kila anapouficha, humnyima mwenzake macho. Dereva asiyetaka kuambiwa ni mwizi wa amana ya kwanza. Abiria anayeiona hatari akanyamaza ni mwizi wa amana ya pili, hata kama kunyamaza kwake akakuita adabu.

Yako mashaka mawili ambayo msomaji mwangalifu atayaleta. La kwanza ni hili: kinywa kisichofungwa huweza kuleta ajali. Ni kweli. Yuko mwenzi wa safari ambaye kila kona hupiga kelele, kila gari lijalo huliona jeneza, na dereva akikosea njia mara moja humkumbusha kosa hilo mpaka jioni. Huyo hasemi ukweli wa njia. Asema hofu yake au hasira yake. Msoma ramani aliye mwema hutoa neno kabla ya wakati kupita, hulitoa kwa ufupi, na hulitoa kwa jambo alijualo. Kumwambia dereva kwamba ilimpasa kugeuka kushoto, na njia ya kushoto imekwisha kupitwa, si maarifa bali ni lawama. Lawama haijapata kumrudisha mtu njiani.

Shaka la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: watu wawili wazima wakikubaliana kuihatarisha roho yao, shauri ni lao; sisi inatuhusu nini? Jibu la shaka hili liliandikwa kwa damu. Tarehe 12 Mei 1957, katika Mille Miglia hiyo hiyo, tairi la motokaa ya Ferrari lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Dereva Alfonso de Portago na mwenzake Edmund Nelson walikufa. Pamoja nao walikufa watazamaji 9 waliokuwa kando ya njia, na 5 kati yao walikuwa watoto. Mashindano ya namna ile yakapigwa marufuku katika barabara za Italia. Wale wawili walikuwa wamekubali hatari, lakini wale 9 hawakuulizwa. Ndiyo sababu nasema kwamba mapatano ya watu wawili hayaimalizi haki, maana barabara haina viti viwili tu. Tangu mwaka 1977 motokaa za zamani zimekuwa zikiipita tena njia ile, lakini mshindi siku hizi ni yule anayeshika saa yake sawasawa, si yule anayewatangulia wote. Na katika mwendo wa namna hiyo, mwenye saa na kitabu cha njia ana kazi kubwa sawa na mwenye usukani.

Pengine wewe, msomaji, hutaketi kamwe katika Jaguar nyeupe. Lakini hukosi kuketi katika matatu, na huko pia kiti chako ni kiti cha pili. Mwaka 2008 hapa Kenya, katika baadhi ya matatu za masafa marefu, zilibandikwa karatasi zenye maneno ya kuwahimiza abiria wamwonye dereva anayeendesha ovyo. Injini hazikubadilishwa, wala barabara hazikutengenezwa upya. Hata hivyo, madai ya bima yaliyotokana na ajali yalipungua kwa nusu au zaidi yakilinganishwa na ya matatu zisizobandikwa. Tafakari maana yake. Sauti iliyoweza kuokoa watu ilikuwamo garini siku zote, imeketi kimya kwa haya, kila mmoja akingoja mwingine aanze.

Haya hiyo naijua inakotoka. Tumelelewa tusimjibu mkubwa, na dereva mara nyingi ni mtu mzima na abiria ni kijana. Malezi hayo ni mema, nami siyabezi. Lakini heshima imo katika namna ya kusema, haimo katika kunyamaza penye hatari. Kijana anayesema, "Mzee, tafadhali punguza mwendo, nyumbani wanatungoja," hajamvunjia mtu heshima. Amemheshimu dereva kwa kumtaka afike kwake, na amewaheshimu wale waliomo nyuma wasiokuwa na ujasiri wa kusema.

Motokaa NUB 120 ingali imehifadhiwa Uingereza. Anayeitazama ataona usukani, saa za mwendo na boneti yake ndefu, na moyo wake utamvuta kuketi upande wa dereva, maana huko ndiko kwenye usukani. Kiti cha pili hakina cha kuonyesha. Mtu aliyeketi hapo alifanya kazi kwa macho, kwa hesabu na kwa kinywa, na vitu hivyo havibaki katika nyumba ya makumbusho. Hata hivyo, pasipo kiti hicho Kombe la Dhahabu lisingalipatikana.

Basi, ukipewa usukani, wa motokaa au wa nyumba au wa kazi yoyote, mtafute mtu atakayekuambia kweli, kisha usimfanye ajute kwa kukuambia. Na ukipewa kiti cha pili, usikidharau wala usilale humo. Ijue njia kabla ya safari, fumbua macho, na lifikapo genge, sema mapema.