Ghala Lisifungwe Idi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam. Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu nanyi pia kumcha Mwenyezi Mungu.

Mwaka 2024 tuliswali Idi tarehe 10 Aprili. Zakatul-fitri ilikwishatolewa, pishi kwa kila kichwa. Siku 19 baadaye, usiku wa kuamkia 29 Aprili, maji yaliporomoka Mai Mahiu, katika kaunti yetu ya Nakuru, yakazoa nyumba za kijiji cha Kamuchiri, na watu zaidi ya 40 wakafa. Walionusurika, wengi hawakubaki hata na sufuria. Nasi tumezoea kufungua ghala la sadaka Shaabani na kulifunga Idi.

Njaa ya Nakuru haifuati mwezi mwandamo. Mahindi ya Njoro, Rongai na Subukia hupandwa Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba. Mei, Juni na Julai gorogoro la mahindi hupanda bei, na kibarua wa Kaptembwo au Rhonda hununua unga wa kula leo tu. Ramadhani nayo hutangulia takriban siku 11 kila mwaka: ya 2024 ilianza Machi, ya 2026 Februari. Chakula chetu kinazidi kuwafikia watu mapema, kisha miezi migumu inawakuta peke yao. Zakatul-fitri ina wakati wake, kabla ya swala ya Idi, na hatuugusi. Sadaka haikuwekewa mpaka huo.

Basi tununue mahindi baada ya mavuno, bei ikiwa chini, tuyaweke hadi Mei. Lakini yakaushwe! Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa mahindi ya namna hiyo. Unyevu usizidi asilimia 13.5, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Anayetoa mahindi ambayo yeye mwenyewe hangeyala na aisome Suratul-Baqara, aya ya 267.

Na tuwapelekee watu majumbani. Sayyidna Umar alibeba unga mgongoni usiku, akampelekea mama aliyewabembeleza watoto kwa chungu kisicho na chakula. Hakukubali mtumishi wake amsaidie mzigo ule. Sisi tunawapanga mama zetu foleni juani, tunawashikisha pakiti ya unga, tunawapiga picha. Picha hizo zikome. Wala tusibague: jirani asiye Mwislamu naye ana haki ya ujirani. Mtaani Bondeni milango yetu imepakana.

Baada ya swala kutakuwa na madaftari mawili, upande wa wanaume na upande wa kina mama. La kwanza, andika utakachotoa kila mwezi, hata gorogoro moja. La pili ni la majina ya majirani mnaojua wanalala njaa. Hilo litabaki kwa kamati, halitasomwa hapa.