Dawa Iko Wapi Ndani ya Mti?

Prunus africana ni mti wa misitu ya milimani barani Afrika, kuanzia mita 900 hivi hadi 3,400 juu ya usawa wa bahari. Wachaga huuita mkondekonde, Wakikuyu muiri. Jani lake likifikichwa hutoa harufu ya lozi chungu. Umaarufu wake lakini umetoka kwenye gome, jeusi na lenye mipasuko, ambalo wenyeji walilichemsha tangu zamani kutibu maradhi mbalimbali. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dondoo la gome hilo kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume. Mti huu basi ni mahali pazuri pa kulipima swali la kale la falsafa: uwezo wa kuponya unakaa wapi? Katika gome, katika kemikali fulani iliyomo, au kwingine kabisa?

Maabara ina jibu lake. Majani, gome na mizizi ya mmea wa dawa huanikwa kivulini, husagwa na kulowekwa kwenye methanoli. Matone machache ya kila dondoo hutiwa katika kimiminika cha zambarau kiitwacho DPPH, ambacho molekuli zake zina elektroni isiyo na mwenzake. Antioksidanti huipa molekuli hiyo kinachoipungukia, na zambarau hufifia mpaka kuwa manjano. Kadiri rangi inavyopotea ndivyo dondoo linavyohesabiwa kuwa na nguvu. Mwishoni hupatikana jedwali: sehemu hii imeishinda ile.

Jedwali hilo ni la kweli, ila halisemi kwa nini mti ulihitaji antioksidanti hizo. Jani la mlimani hupigwa na mionzi mikali ya jua, na flavonoidi hulikinga. Tanini za gome huwazuia wadudu na kuvu. Wapo wanafalsafa na wanadini walioona kila mmea umewekwa duniani kwa haja ya binadamu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anaitaja ardhi kuwa chimbuko la dawa alizoziumba Mungu. Imani hiyo haipingwi na kemia, lakini yeyote anayeishika hana budi kukubali kwamba mti unajitumikia wenyewe kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo hupitwa haraka mno. Gome la muiri lina beta-sitosteroli, asidi ya ursoliki, na esta za asidi ya feruliki, ambayo ni antioksidanti inayojulikana vizuri. Beta-sitosteroli haiyeyuki katika maji. Mzee anayechemsha gome kwenye sufuria na kiwanda kinacholikamua kwa kiyeyushi cha mafuta hawatoi kitu kimoja, hata kama magome yao yamebanduliwa kwenye shina moja. Jina la dawa ni lile lile. Dawa ni mbili.

Kutoka kwenye chupa hadi mwilini njia ni ndefu zaidi. Mwaka 1956 Denham Harman alitoa nadharia kwamba uzee husababishwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake kama zile za DPPH, na antioksidanti zikaanza kutazamwa kama ngao. Jaribio kubwa la Finland, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1994, liliwapa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, maelfu ya wanaume wavutao sigara. Saratani ya mapafu iliongezeka miongoni mwao badala ya kupungua. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ililiondoa jedwali lake la nguvu za antioksidanti katika vyakula, kwa kuwa namba za maabara hazikuonyesha kinachotokea mwilini.

Aristotle alitofautisha uwezo na utendaji: kuni zina uwezo wa kuwaka, ila haziwaki bila moto. Kwa mtazamo huo dawa haijahifadhiwa ndani ya gome kama mahindi ghalani. Hutokea pale gome, namna ya kulitayarisha na mwili wa mgonjwa vinapokutana. Anayepinga atamtaja Friedrich Sertürner, aliyeitenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na ni kweli molekuli ile moja hutuliza maumivu bila msaada wa mmea uliobaki. Hoja hiyo ni nzito. Lakini mofini nayo huhitaji mwili wenye vipokezi vyake, na gome la muiri halijatoa mofini yake.

Swali la sehemu gani ya mti itumike ni swali la maadili pia. Majani yakichumwa kwa kiasi huchipua tena. Gome ndiyo njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini, na biashara yake ilikausha miti mingi Cameroon na Madagascar, hata mwaka 1995 mti huu ukaingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Utaratibu uliopendekezwa Cameroon ni kubandua robo mbili tu za shina zinazokabiliana, na kuacha gome la pande mbili zilizobaki. Mti uliochunwa mzunguko mzima hauanguki siku hiyo. Maji bado hupanda kupitia ndani ya mbao, majani hubaki ya kijani kwa muda, na mpita njia huuona mzima ilhali chini mizizi inakufa njaa.