Zaburi ya 88 na gitaa la Birmingham

Somo: Zaburi 88



Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kabla hazijaisha. Mtu huanza kwa kilio, akifika katikati hukumbuka wema wa Mungu, akamaliza kwa sifa. Zaburi ya 88, yenye jina la Hemani Mwezrahi, haigeuki. Hemani analia mchana na usiku, anajihesabu pamoja na waliokwisha kushuka kaburini, analalamika kwamba rafiki zake wamewekwa mbali naye, na anasema mateso haya yameandamana naye tangu ujana wake. Kisha zaburi inaishia gizani. Haina aleluya hata moja. Hata hivyo Israeli waliihifadhi, wakawapa waimbaji wao waiimbe kama walivyoimba zile za shangwe.

Nimeishi na zaburi hii wiki nzima kwa sababu ya muziki ambao baadhi yenu mnajua kwamba naupenda, na mmeniuliza kwa upole ninaupendea nini: roki nzito, ile inayoitwa hevi metali. Wazazi huja na simu ya mtoto, wakanionyesha jalada la albamu lenye mafuvu na moto, wakauliza kama tufunge na kumwombea. Kuomba tutaomba. Ila naona tumezoea kuuhukumu muziki huu kwa majalada yake, na huko tunapoteza vijana ambao tayari walikuwa wanasali bila sisi kujua.

Tuanze na bendi ya Black Sabbath. Walitoka Aston, mtaa wa viwanda katika mji wa Birmingham, Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Iommi akiwa amekwisha kukata tamaa, msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, aliyerudi kwenye gitaa na kuwa bingwa ingawa moto ulikuwa umemlemaza vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akaifinyanga iwe vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Kwa kuwa kubonyeza nyuzi kulimuumiza, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza. Uzi uliolegezwa hushusha sauti, nayo ikawa nzito na ya chini kuliko ilivyozoeleka. Ule mngurumo ambao wahubiri wengi wameuita sauti ya kuzimu ulitokana na vidole vya mtoto wa kiwandani vilivyokuwa vinauma.

Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Inaanza na mvua, radi na kengele ya kanisa. Wengi wameishia hapo wakakimbia, hasa walipoona msalaba uliopinduliwa ndani ya jalada, ambao uliwekwa na kampuni ya rekodi bila bendi kuulizwa. Anayevumilia mpaka mwisho wa wimbo ule wa kwanza atamsikia mtu aliyetokewa na giza akimlilia Mungu amsaidie. Sijui namna nyingine ya kuuita mlio huo isipokuwa sala.

Watu husifu zaidi albamu ya pili, Paranoid, na ni kweli ina wimbo mkali dhidi ya wakubwa wanaowatuma watoto wa maskini vitani. Mimi naiweka juu ya zote ile ya tatu, Master of Reality, ya mwaka 1971. Nyimbo ni nane tu, muda wake kama dakika 34, na hapo ndipo Iommi alipozilegeza nyuzi kweli kweli. Wimbo wa pili, After Forever, uliandikwa na mpiga besi Geezer Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, nao unamwuliza msikilizaji waziwazi kama amewahi kufikiri juu ya roho yake baada ya kufa. Kuna Solitude, ambamo gitaa linatulia, filimbi inaingia, na mtu anaimba upweke wake polepole bila kumlaumu yeyote. Na kuna Lord of This World, ambamo yule mwovu anawasuta watu kwamba walimchagua wenyewe. Nimesikia mahubiri ya toba yaliyokuwa laini kuliko wimbo huo. Sifichi kwamba albamu hiyo hiyo inafunguliwa na wimbo wa kuisifu bangi. Huo siukubali, na vijana wanaoniuliza huwaambia hivyo bila kuzunguka, maana nimeona bangi inavyowavuruga akili watoto wa usharika huu.

Sasa niseme habari za bendi ya Metallica, na hapa ninawasihi tusikilize kwa uangalifu zaidi. Kama muziki tu, Master of Puppets ya 1986 ni kubwa kuliko albamu yao ya 1991 yenye jalada jeusi. Ile ya kwanza ina hasira iliyopangwa kwa hesabu. Ya pili ililainishwa ili iwafikie watu wengi. Lakini ndani ya hiyo ya 1991 kuna wimbo ambao jina lake pekee lingetosha kumtoa mzee wa kanisa chumbani: The God That Failed. Mwimbaji, James Hetfield, alilelewa katika imani ya Christian Science, inayofundisha kutafuta uponyaji kwa sala badala ya dawa. Mama yake alipata saratani, akabaki kwenye mafundisho hayo, akafa. Hetfield alikuwa kijana wa miaka 16.

Mtoto huyo alipokuja kuwa mtu mzima akaimba kwamba mungu aliyeahidiwa nyumbani kwao hakutokea. Tumjibu nini? Tumwambie anakufuru? Sisi tunaoishi Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kujibu haraka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini na watoto wao, wengi wao wakiwa wamefunga kula hadi kufa kwa ajili ya mahubiri. Katika miji yetu wapo wagonjwa walioambiwa na wahubiri waache vidonge kwa sababu wameshaponywa. Watoto waliobaki wataimba kitu siku moja. Wakiimba kwa hasira, nitakuwa upande wao, na naamini Hemani angekuwa upande wao pia, kwa sababu yeye alimwuliza Mungu uso kwa uso kwa nini anajificha.

Wapo walioniambia: basi wasikilize metali ya Kikristo. Ipo, na nimeisikiliza. Stryper, bendi ya Marekani, walitoa To Hell with the Devil mwaka 1986, na walikuwa wakiwarushia watu Agano Jipya kutoka jukwaani. Sauti ya mwimbaji wao ni ya ajabu na nia yao ni safi, naiheshimu. Shida yangu ni kwamba katika albamu ile ushindi umekwisha kupatikana kabla ya mtu kuumia. Ni shida ya nyimbo zetu nyingi za sifa pia. Mjane aliyezika juzi anasimama Jumapili katikati ya makofi, na katika ibada nzima hakuna mstari hata mmoja anaoweza kuuimba kwa ukweli.

Sisemi kila kilicho kizito ni kizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Norwei, baadhi ya wanamuziki wa metali walichoma makanisa. Kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, lililojengwa karne ya 12, liliteketea Juni 1992, na mwaka uliofuata Varg Vikernes wa Burzum akatoa rekodi yenye picha ya magofu yake jaladani. Mwaka 1994 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji na kwa kuchoma makanisa mengine. Wapenzi wa muziki huniambia kazi yake ina ubunifu. Mimi sitaisikiliza. Hemani analia mbele za Mungu. Yule alisherehekea majivu ya mahali ambapo watu walibatizwa na kuagwa kwa karne nyingi. Mtume Paulo aliwataka Wathesalonike wapime mambo yote, na kupima kunataka sikio litangulie hukumu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujaifuta albamu kwenye simu ya mwanao, keti naye muisikilize yote, kuanzia wimbo wa kwanza. Mwulize ni wimbo gani anaurudia usiku, na unasema nini ambacho hakuweza kukuambia. Usimkatize.

Jumatano jioni tutaisoma Zaburi ya 88 nzima, taratibu, na baada yake hatutaimba pambio. Tutakaa kimya, kisha kila mmoja aende nyumbani. Nanyi vijana, nipo ofisini Alhamisi kuanzia saa kumi. Njooni na albamu zenu, hata zile mnazoona haya kuzileta kanisani. Nitasikiliza kwanza, na nitakapokuwa na neno la kupinga nitalisema mbele yenu.