Koma ya Msimbu

Ukiandika "Msimbu, Kisarawe" kwenye barua, ile koma ya katikati haina madhara. Anayesoma anaelewa: kata, halafu wilaya. Lakini iingize kwenye faili la kompyuta ambalo koma ndiyo inayotenganisha safu moja na nyingine, uone. Mashine inahesabu vitu viwili badala ya kimoja. Kisarawe inaruka na kukaa kwenye safu isiyo yake, na kila namba inayofuata inasogea hatua moja kulia. Idadi ya wagonjwa wa malaria inaweza kusomeka kama idadi ya wajawazito. Na hakuna kengele inayolia.

Nimeanza na koma kwa sababu nataka tulijadili swali linaloonekana la mafundi peke yao. Watu wanaotunza programu huria ya kanzidata wakiombwa waongeze fomati nyingine, yaani namna nyingine ya kutolea taarifa, wakubali au wakatae? Mimi ni mwandishi wa habari, sijasomea kompyuta. Ila nikilitazama swali hili naliona ni letu sote tunaoishi kwa maandishi: nani anastahili kusomeka, na kwa gharama ya nani?

Chukua mfano wa PostgreSQL. Ni kanzidata iliyoanza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Leo yeyote anaweza kuichukua bure na kusoma msimbo wake (neno lililopishana herufi moja tu na jina la kata yetu). Wanaoitunza wametawanyika duniani. Wengine wanalipwa na waajiri wao, wengine wanajitolea. Usidhani ni mambo ya mbali. Juu ya PostgreSQL ndipo inapokaa DHIS2, programu huria ya taarifa za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania inaitumia kukusanya taarifa za MTUHA. Nesi anajaza kitabu kwa kalamu, mwisho wa mwezi anajumlisha, fomu inakwenda, namba zinaingizwa kwenye mfumo. Mtoto aliyeumwa homa kijijini anageuka tarakimu ndani ya jedwali.

PostgreSQL ina chombo kinachoitwa psql, cha kuiuliza kanzidata maswali na kupata majibu. Majibu hayo yanaweza kutoka kama jedwali la kawaida, kama ukurasa wa wavuti, au kama LaTeX wanayoipenda wanahisabati. Mwaka 2016 ikaja asciidoc. Imo pia troff-ms, mpangilio wa kuchapia wenye asili ya maabara za Bell miaka ya 1970. Jiulize ni wangapi unaowajua wanaoutumia. Lakini bado umo. Kisha mwaka 2019, katika toleo la 12, ikaongezwa CSV, ile ya safu zinazotenganishwa kwa koma.

Anayetaka kukataa ana hoja nzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwombaji anaomba mara moja, akishapewa anaondoka zake. Mtunzaji anabaki na kitu cha kujaribu, kueleza na kurekebisha kila kinachozunguka kinapobadilika. Na kukiondoa ni shida nyingine, maana mahali fulani kuna mtu ameshajenga kazi yake juu yake. Fomati ni ahadi, bwana, tena ahadi ambayo anayeitoa leo huenda asiwepo wa kuitimiza. Isitoshe, PostgreSQL ilikuwa na amri nyingine, COPY, iliyoweza kutoa CSV tangu mwaka 2005. Njia ya pili ya nini?

Jibu liko kwenye ile koma. Kabla ya toleo la 12, mtu angeweza kuiambia psql itenganishe safu kwa koma. Ingetii. Ila isingeweka alama za kunukuu kuzunguka jina lenye koma ndani yake. Aliyeijua COPY alikuwa salama. Asiyeijua alipewa faili linalofanana na sahihi. Hapo ombi linakuwa zito zaidi ya urahisi au urembo, kwa sababu njia iliyopo inamdanganya mtu kimya kimya.

Sisi wa Kiswahili tunaijua habari hii kwa namna nyingine. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, uliandikwa hivyo. Shule na ofisi za wakoloni zikaleta herufi za Kilatini, na kamati ya usanifishaji iliyoundwa mwaka 1930 ikaendelea nazo. Lugha ilikuwa ileile. Lakini bibi aliyesoma na kuandika kwa hati yake akajikuta mbele ya karani kama mtu asiyejua kusoma. Aliyechagua namna ya kutolea maandishi alikuwa amechagua pia nani ahesabike msomi.

Kwa hiyo naona kipimo si wingi wa wanaoomba. Wanaoomba ni wale wenye sauti, na wenye sauti mara nyingi wana njia nyingine. Kipimo changu ni hiki: bila fomati hii, je, kuna mtu atakayepotoshwa au kufungiwa nje? Kama yupo, mzigo ubebwe. Kama kinachotafutwa ni sura nzuri zaidi ya kitu ambacho tayari kinasomeka, mtunzaji ana haki ya kusema hapana bila kuona haya. Kwa kipimo hicho CSV ya mwaka 2019 ilistahili, hata kama COPY ilikuwepo.

Najua ugumu wake. Jibu la kawaida kwenye ulimwengu wa programu huria ni kwamba msimbo uko wazi, jitengenezee. Kwa fundi, hilo ni jibu la heshima. Kwa nesi mwenye kitabu cha MTUHA mkononi, ni kama kumwambia asiyejua kuogelea kwamba bahari haina mlango. Naye hatatuma ombi lolote, kwa kuwa hajui kuna mahali pa kuliombea. Anayeamua anapaswa kumfikiria mtu ambaye hayupo kwenye mazungumzo, na pia mtunzaji wa miaka ishirini ijayo, ambaye naye hayupo. Hawa wawili hawana kura. Lakini mmoja ndiye atakayeumizwa na hapana ya kizembe, na mwingine na ndiyo ya haraka.